Furaha Yetu, Hofu Yao

Jumatatu, 4 Juni 1956

Baridi kali. Ukungu haukuondoka mpaka karibu adhuhuri. Nimepura maharage nusu ya siku, nusu nyingine nimekaa tu, mgongo hautaki. Andrea aliondoka na baiskeli alfajiri kwenda karakana Mbeya mjini. Amesahau viazi vyake mezani. Atashinda na njaa.

Tumbo langu la mimba limekuwa kubwa mno. Mama analitazama kila nikipita. Ni mama mkwe wangu, lakini tangu nilipoletwa hapa Uyole nimemwita Mama, naye ananiita mwanangu. Miaka yote niliyokaa bila mtoto hakunisimanga hata siku moja. Wengine walinisimanga. Yeye alinipikia ndizi na kuniambia nile.

Jioni Gwamaka, kaka yake Andrea, alipita na ng'ombe wake. Nilikuwa napepeta maharage huku naimba wimbo wa kanisani. Akasimama nje ya ua, akasema naimba kama mtu asiye na ukoo. Niliendelea kupepeta. Hajatusamehe. Andrea alikwenda misheni ya Tosamaganga, Iringa, kujifunza useremala, akarudi na jina jipya, dini mpya na mke Mhehe, mimi. Baba yao alipofariki, Andrea alilia kama wengine, akachimba kaburi kama wengine, lakini hakunywa pombe ya tambiko. Hilo ndilo Gwamaka asilolisahau.


Jumapili, 10 Juni

Misa. Tulipata lori la kwenda, tukarudi kwa miguu mpaka nikashindwa, Andrea akanipakia kwenye baiskeli ya mtu tusiyemjua.

Nina furaha. Naandika hapa kwa sababu nikiisema nje naonekana najivuna. Sababu yake yote siijui. Nikipiga magoti asubuhi kabla ya kuwasha moto, kitu kinatulia kifuani, kinakaa humo mchana kutwa hata nikichoka. Nimeona kinawaudhi watu. Ningekuwa na huzuni kidogo wangenisamehe.


Jumatano, 20 Juni

Leo Mama ameweka sikio tumboni kwangu. Amekaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

Hakuniambia mimi. Alimsubiri Andrea arudi, akamwita nje. Niliwasikia wakiongea Kinyakyusa upesi upesi. Kinyakyusa changu bado kinachekesha, lakini neno "wawili" nalijua.

Andrea amenieleza tukiwa jikoni. Kwao mapacha si kama watoto wengine. Wakizaliwa, wao na baba na mama yao ni hatari kwa ukoo mzima. Miguu ya ndugu inaweza kuvimba. Ng'ombe wanavimba. Kwa hiyo wazazi wanafungiwa kibanda cha peke yao na moto wao wenyewe, mganga anakuja kufanya dawa na kuita mizimu, na ndugu wote wanapakwa. Mpaka hayo yakamilike hakuna anayewagusa watoto.

Andrea amemwambia Mama hatutafanya. Watoto watabatizwa, basi. Mama hakugombana naye. Aliondoka akafunga mlango wake.

Mimi nilifurahi kusikia ni wawili. Nimefurahi kama mwendawazimu. Kisha nikakumbuka uso wa Mama.


Jumapili, 1 Julai

Wamezaliwa juzi Ijumaa, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo. Mvulana kwanza, kisha msichana. Wazima wote. Naandika nimelala ubavu.

Mama ndiye aliyenizalisha. Nilidhani hatakuja. Alikuja. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Alipokata kitovu cha msichana aliwafunika wote wawili, akanifunika mimi, akanawa, akatoka. Hakuwatazama usoni. Hajarudi.

Sikulia wakati wa uchungu. Nimelia leo.


Jumanne, 3 Julai

Gwamaka alikuja leo. Hakuvuka ua. Alisimama mbali kabisa, karibu na migomba, akaongea na Andrea kwa sauti ya juu kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto. Mganga amekwisha kupatikana, anatoka upande wa Rungwe. Kibanda kitajengwa kesho. Andrea alisema hapana. Gwamaka akauliza tena, akajibiwa hivyo hivyo.

Nilitoka nikasimama mlangoni na watoto kifuani. Sijui kwa nini. Labda nilitaka awaone. Gwamaka alirudi nyuma hatua kadhaa, akaniambia mimi, kwa Kiswahili ili nisikie vizuri:

"Furaha mmeichukua ninyi. Hofu mmetuachia sisi."

Akaenda zake. Andrea alisema ni maneno ya ushenzi tu. Mimi sikuyaona hivyo. Yamekaa kichwani siku nzima.


Jumamosi, 7 Julai

Hakuna aliyekuja. Kwetu Uhehe nyumba ingejaa kina mama, ningeombwa ninyamaze nilale. Hapa nasikia kuku tu.

Mchana mlango ukagongwa. Bi Zainabu, mke wa mwenye duka la barabarani. Wazee wake walitoka pwani zamani, yeye kazaliwa hukuhuku. Kaja na uji wa pilipili manga na kanga mpya. Akaketi kitandani bila kuombwa, akamchukua mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, akawaita Kulwa na Doto, majina ya mapacha. Akawaombea dua kwa dini yake. Mimi nikasema amina.

Nikamuuliza haogopi watu wataacha kununua dukani kwake. Akasema wameshaanza, tangu asubuhi, alipowaambia anakuja kwangu. Chumvi watakayo watamfuata tu, hawana pengine pa kuipata karibu. Akacheka. Kisha akaniosha mgongo kwa maji ya moto, kazi ambayo ingekuwa ya Mama.


Alhamisi, 12 Julai

Ng'ombe wa Gwamaka amekufa. Jike, mwenye mimba. Tumbo limevimba kama ngoma.

Tulisikia kelele kabla ya jua kutoka. Andrea akaenda. Walimzuia njiani wasimruhusu kusogea. Ndugu zake wa damu. Amerudi akakaa nje na randa mkononi, hapigi ubao wowote.

Nilikwenda kisimani. Wanawake wote waliokuwepo walichukua vyungu vyao wakasogea juu. Hawakunitukana. Walinitazama tu. Afadhali wangenitukana.

Jioni Andrea akasema labda tufanye tu. Ni majani, akasema, ni majani na maji, Mungu anajua mioyo yetu. Anataka amani na kaka yake. Nilikasirika. Nilimwambia si majani, ni mizimu ndiyo inayoitwa, na yeye anajua. Nikamwambia kama ni majani tu, kwa nini alikataa wakati wa baba yake? Tumelala bila kusema rozari. Mara ya kwanza tangu tuoane.

Nimejiuliza pia, na naandika ili nisijidanganye: kama ng'ombe amekufa kwa ajili ya watoto wangu, je? Siamini hivyo. Lakini swali lilikuja. Nililifukuza likarudi.

Maziwa yangu hayatoshi.


Jumapili, 15 Julai

Wamebatizwa. Petro na Paulina.

Mume wa Bi Zainabu alikuwa na lori linalokwenda Mbeya kuchukua bidhaa, akatupakia. Wasimamizi ni seremala mwenzake Andrea na mkewe. Ndugu hakuna. Benchi tulilokaa lilikuwa refu mno kwa watu wanne.

Petro alilia. Paulina alifungua macho maji yalipomgusa, akatulia kama anasikiliza. Hapo ikanirudia. Ile furaha. Nilidhani imekwisha. Haikuja kwa sababu mambo yamekuwa mazuri, maana hayajawa. Ilikuja tu, nikiwa nimechoka, nguo imelowa maziwa, mume wangu na mimi tumenuniana. Nikamshika Andrea mkono. Naye akaushika wangu.

Baada ya misa tulimweleza Padre habari zote. Nilitegemea atatusifu. Alisema tumefanya vyema, kisha akauliza Mama anaendeleaje. Nikasema sijui. Akauliza ni lini nilikwenda kumwona. Nikaanza kumfunika Paulina upya. Akasema mtu anayeogopa si adui.

Tuliporudi tulikuta miiba imewekwa kwenye njia yetu ya kwenda kisimani. Andrea ameiondoa kwa mikono. Imemchana viganja.


Jumatano, 18 Julai

Tumeamua niende Iringa kwa baba yangu na watoto mpaka mambo yatulie. Andrea atabaki, ana kazi. Basi ni Jumamosi.

Nimekwenda kumuaga Mama. Niliwaacha watoto na Bi Zainabu. Mlango wa Mama ulikuwa umefungwa, nikakaa chini nje, nikaongea na ukuta. Nilimwambia naondoka. Nilimwambia simcheki. Nilimshukuru kwa mikono yake siku ile.

Nilikuwa nainuka alipoanza kuongea huko ndani. Polepole, Kiswahili chake cha shida, ili nielewe.

Alisema dada yake mkubwa alizaa mapacha. Yeye Mama alikuwa msichana mdogo. Mganga alichelewa kwa sababu ya mvua, mito ilijaa. Mama yao mzazi hakungoja. Aliwataka wajukuu, akaingia kibandani akawabeba. Mvua ilipokatika miguu yake ilikuwa imevimba haiingii mlangoni. Akafa. Mama huyu wetu ndiye aliyekuwa akimletea maji.

"Niliona kwa macho haya," alisema. "Wewe umeambiwa na Padre. Mimi niliona."

Ningeweza kumwambia ni ugonjwa tu, watu huvimba kwa magonjwa. Nimejifunza hayo kwa masista. Sikusema. Nililia pale nje, nadhani naye alilia ndani. Nikasema, "Pole, Mama." Akasema, "Ndaga, mwanangu." Asante. Bado ananiita mwanangu.


Jumapili, 22 Julai. Kwa baba, Iringa

Safari ndefu. Vumbi mpaka ndani ya meno. Abiria walibeba watoto kwa zamu, hakuna aliyejua kwamba Uyole wanaogopwa.

Tangu jana nyumba haipungui watu. Salamu za kwetu, kamwene, kamwene, siku nzima. Shangazi zangu wanagombania nani ambebe yupi. Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu nijifungue. Maziwa yameongezeka.

Leo kanisa zima limetupongeza. Baba, ambaye ni mwalimu wa dini hapa kijijini, alisimama mbele akawaambia watu binti yake alishikilia imani akiwa peke yake ugenini. Watu wakanitazama kwa sifa. Sikuipenda. Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na Andrea, na Mwislamu mmoja mwenye uji. Na Mama upande wa pili wa ukuta.


Jumatano, 1 Agosti

Mahindi yamevunwa, baba anapukuchua kila jioni. Petro ananenepa. Paulina analia jioni tu, saa zilezile Andrea alizokuwa akirudi. Najidanganya labda.

Ni raha hapa. Kila mtu anasali ninavyosali. Hakuna anayechukizwa. Ningeweza kukaa. Shangazi anasema nikae, mume akinitaka atanifuata, maseremala wanatakiwa kila mahali. Nimelala na wazo hilo usiku kadhaa. Linanivuta.

Lakini kila nikiwaogesha watoto naona mikono ya Mama ikiwafunika. Furaha yangu ya hapa ni nzuri, ila ina tundu.


Jumapili, 5 Agosti

Andrea amekuja. Sikumtarajia. Amekonda.

Ameleta habari. Mama amemwita yule mganga mwenyewe. Kamtoa mbuzi wake, yule mweupe. Akamwambia afanye dawa kwake yeye, na kwa Gwamaka na nyumba yake, na kwa zizi. Wazazi na watoto wawaache, wana dini yao. Gwamaka alipinga, akasema haijawahi kufanywa nusu. Mganga naye alisita, alitaka kuondoka. Mama akakaa mlangoni akamwambia hatoki mpaka afanye. Mwisho akafanya.

Kisha Mama akamwambia Andrea: "Mimi nimejikinga kwa kwetu. Sasa mlete mwanangu na watoto."

Andrea hajui kama ni sawa. Ananiuliza mimi. Mwanzoni nilichukia. Nililiona ni tusi. Watoto wangu si ndui, mpaka mtu achanjwe ndipo awabebe. Nimetembea mpaka mwisho wa shamba la baba, nikarudi.

Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha. Sikuibembeleza, ilikwisha yenyewe. Mama hakuniomba niache lolote. Amechukua njia pekee aliyokuwa nayo ya kuja kwangu, akaipita peke yake, mzee yule, huku mwanawe mkubwa akimfokea. Mimi siwezi kuisifu njia hiyo. Lakini najua alikuwa anaelekea wapi.

Baba hakufurahi. Amesema nisije nikachanganya mambo. Nimemwambia sichanganyi. Nitasali kama ninavyosali. Nitarudi tu nyumbani kwangu.

Tumesema rozari wote pamoja. Andrea alisinzia katikati.


Jumamosi, 11 Agosti. Uyole

Tumefika alasiri. Mama alikuwa amesimama uani petu. Ndani ya ua, si nje. Mikononi na miguuni ana alama za dawa, bado nyeusi. Ananuka moshi na mizizi.

Nilishuka na Paulina mgongoni, Petro kwa Andrea. Hakuna aliyesalimia kwanza. Mama alinisogelea, akafungua kanga mwenyewe, akamtoa Paulina. Akamtazama usoni. Muda mrefu sana. Hakumrudisha.

Kisha akasema Paulina ana paji la uso la marehemu mume wake. Ni kweli. Sikuwa nimeliona.

Alikataa kukaa. Alimbeba akizunguka naye ua mzima, akimwonyesha migomba na banda la kuku, akiongea naye Kinyakyusa. Petro akalia kwa wivu. Andrea aliingia ndani kwa haraka, akasema moshi umemwingia machoni. Hatukuwa tumewasha moto.


Alhamisi, 16 Agosti

Gwamaka bado. Anapitisha ng'ombe njia ya juu, ndefu. Andrea alikwenda kumpa pole ya ng'ombe na kumtengenezea mlango wa zizi uliovunjika. Gwamaka alimwacha afanye kazi, hakumkatalia, hakumsemesha. Andrea anasema ni mwanzo. Mimi sina hakika. Nasikia Gwamaka anasema anachukizwa zaidi sasa, kwa sababu hata Mama yake tumemchukua. Hatukumchukua. Lakini naelewa anavyoona.

Bi Zainabu anasema wateja wamerudi wote. Chumvi.

Miguu ya Mama naitazama kila asubuhi. Naye anajua naitazama. Leo alinyoosha mguu mmoja mbele yangu, mwembamba, mkavu, akaugeuza huku na huku, akacheka. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mvua za masika.


Jumapili, 26 Agosti

Misa asubuhi. Tumerudi mapema.

Baridi imepungua. Andrea amelala chini ya mgomba, kofia usoni. Nilikuwa namenya viazi Mama alipoingia akamchukua Petro, akamfunga mgongoni, akatwaa chungu. Nilidhani anakwenda kwake. Akashika njia ya kisimani.

Nilisimama mlangoni na Paulina nikamfuata kwa macho. Wanawake watano sita walikuwepo. Walimwona anakuja na kilichoko mgongoni. Wakachukua vyungu vyao wakasogea juu, kama siku ile. Mama aliinama polepole, mkono mmoja nyuma kumshikilia mtoto, akaanza kuchota.

Mmoja hakusogea sana. Msichana tu, sijui mke wa nani. Baadaye kidogo alishuka akamsaidia kujitwika.

Mama amerudi. Ameweka chungu chini. Petro alikuwa amelala, mdomo wazi. Nimemfungua taratibu nikamlaza karibu na dada yake.

Nikaweka viazi motoni.